Je, wajua kwanini drasena za Arusha zinaungua ncha hata ukizimwagilia kila siku?

Pita nyumba za Njiro, Sakina au Moshono uangalie maua ya kwenye vyungu pale barazani. Drasena, ule mmea wa majani marefu yaliyochongoka, ina ncha za kahawia, na lile ua la majani membamba yenye mstari mweupe, linaloning'iniza watoto wake pembeni, wengi wanaliita spaida, nalo hivyohivyo. Mwenye nyumba akiona hivyo anawaza kitu kimoja tu, ua lina kiu, basi anaongeza maji, baada ya muda ncha zimekauka zaidi na yeye huyoo kitaluni kulalamika kauziwa mche mgonjwa, wakati muuza maua wa watu hana kosa lolote.

Tatizo mara nyingi ni maji yenyewe. Waangalie watu waliokulia huku chini ya Meru wakicheka, utaona wengi meno yana rangi ya kahawia, na kinachofanya hivyo ndo hichohicho kinachounguza drasena: madini ya floraidi.

Meru ni volkano, mara ya mwisho ililipuka mwaka 1910, na miamba na majivu yake yana floraidi nyingi. Mvua ikinyesha inazama, inapita humo kwenye miamba na kuitoa floraidi, halafu inatokea chini kama chemchemi au maji ya kisima. Sasa maji ya huku yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na hapo ndo shida inapokaa, maana kalsiamu ingekuwepo ya kutosha ingeikamata floraidi ikaganda ikabaki chini, lakini haipo, kwahiyo floraidi inakuja na maji mpaka bombani kwako. Kiasi hakilingani kila mahali, chemchemi hii inaweza kuwa nayo kidogo na ile ya ng'ambo ikawa nayo mara kadhaa zaidi, ndo maana usishangae maua ya shemeji yako mtaa wa pili yako safi kabisa. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania sasa tunafuata hichohicho, ila kwa miaka mingi tuliruhusu mpaka miligramu 4, kwasababu kuna maeneo ukisema ushuke chini ya hapo watu wangekosa maji ya kunywa kabisa.

Haya, kwanini ncha na sio katikati ya jani? Mmea unavuta maji kwa mizizi, yanapanda mpaka kwenye majani, yanatoka kama mvuke. Maji yanaondoka lakini floraidi haiondoki, inasukumwa na ule mkondo mpaka mwisho wa safari, na mwisho wa safari ni ncha na kingo za jani. Inarundikana pale mpaka seli zinakufa. Mmea hauna namna ya kuirudisha nyuma, kwahiyo mara nyingi majani ya zamani ndo yanakuwa mabaya zaidi, yamekunywa muda mrefu. Na hapa ndo jani linatofautiana na jino, maana jino linaharibika likiwa bado linatengenezwa utotoni, mtu akihamia Arusha na meno yake ya ukubwani hayabadiliki rangi kwa sababu hiyo, ila jani linaendelea kukusanya kila siku ya maisha yake. Kwahiyo kila ndoo unayoongeza ukidhani unaliokoa ua, unaliongezea mzigo.

Sio mimea yote inaumia hivi. Wanaojulikana kwa udhaifu huu ni ukoo wa drasena, spaida, kodilaini zile za majani mekundu, na lile ua la kivulini lenye petali moja nyeupe kama kijiko. Mimea mingine mingi inakunywa maji hayohayo na hata huoni kitu.

Kinachofurahisha ni kwamba drasena ni mtu wa hukuhuku. Sale la Wachagga, lile linalopandwa mpakani mwa kihamba, yani shamba la ukoo la nyumbani, na ambalo mzee akiletewa jani lake anajua ameombwa msamaha, ni drasena, na wazungu wanaliuza hilohilo kama ua la sebuleni. Panda Marangu au Kibosho ukaangalie masale ya mpakani, marefu, ya kijani, yamejaa. Hakuna anayeyamwagilia kwa bomba, yanakunywa mvua, na mvua ya mteremko ule wa kusini wa Kilimanjaro sio ya kitoto.

Basi dawa ni hiyo, mvua. Kinga maji ya bati wakati wa masika na vuli, acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa kwanza, halafu hata pipa moja linatosha vyungu vya barazani kwa muda mrefu. Maji ya bomba kuyaacha wazi usiku kucha kunaondoa klorini, floraidi haiendi popote, na ukiyachemsha ndo kabisa unaizidisha, maji yanapungua yenyewe inabaki. Wakati wa kubadilisha udongo changanya chokaa ya kilimo kidogo, ile kalsiamu niliyoisema inaikamata floraidi, na pia udongo ukiwa na asidi nyingi mmea unaivuta zaidi, kwahiyo chokaa inasaidia pande zote mbili. Mbolea za fosfeti kama TSP zina floraidi ndani yake, kwa drasena weka samadi iliyooza vizuri yatosha. Jani likishaungua haliponi, kata ile ncha kwa mkasi ukifuata umbo la jani, acha kauzi kembamba ka kahawia usije ukaanza kidonda kipya.

Mimi ningepanga bustani kwa kufuata maji. Drasena na kodilaini nje ya upenu, mvua iwapate. Kule unakomwagilia kwa mpira weka mimea isiyonywa sana, bogenvilia, shubiri, waridi la jangwani, maana anayekunywa kidogo anabeba kidogo.

Na kama unanunua maua ya kukata, hii ni ya kwako pia. Gladiola, jabera na frizia zinaweza kuumia kwenye chombo cha maua hata floraidi ikiwa miligramu 1 tu kwa lita, yani maji ambayo mtu anaruhusiwa kunywa bila wasiwasi yanatosha kufupisha maisha ya ua. Ukiwa na harusi Jumamosi, hayo wekea maji ya mvua.