Mtoto kazaliwa, twarudi nyumbani lini? Maswali ya kina mama Lamu

Nimezaa jana usiku njia ya kawaida, niko sawa, na mamangu mkwe ashaita boti. Niondoke?

Ngoja kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema angalau saa 24 tangu mtoto atoke, na hizo ni za mama na mtoto ambao hawana tatizo lolote. Watu wengi hufikiri ni sheria za manesi tu, la, mama akitokwa na damu nyingi mara nyingi ni ndani ya siku hiyo ya kwanza, na mtoto pia hatari yake kubwa iko hapo hapo. Kwa hiyo wataka kuona ananyonya vizuri, kakojoa, kile choo cheusi cha kwanza kimetoka, joto lake na anavyopumua, halafu apate BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya polio. Kuoga pia angoje hizo saa 24.

Na sie wa upande wa kisiwa cha Pate?

Hapa ndipo mimi naona hesabu ya saa 24 haitoshi. Wa Langoni hapa Lamu mjini mtoto akimbadilikia saa nane usiku ashafika hospitali ya King Fahd kwa miguu, lakini wewe wa Siyu ama Kizingitini wangoja nahodha aamke, wangoja mafuta, na maji yakipwa pale mlango wa bahari wa Mkanda boti haipiti mpaka yajae tena. Faza kuna hospitali sawa, lakini si kila kitu kitatibiwa pale. Kama una jamaa Lamu mjini kaa kwake hadi siku ya tatu, mtoto aangaliwe tena ndio uvuke, maana manjano ya ngozi na macho huzidi siku ya tatu mpaka ya tano hivi na wengi huwa washafika kwao.

Nimepasuliwa je?

Kwa kawaida siku tatu au nne, kidonda kikiwa safi na unatembea.

Wangu kazaliwa kabla ya miezi kutimia, kilo moja na nusu. Wananiambia "bado" kila siku!

Pole mama, hiyo "bado" inachosha. Ila hakuna daktari atakayekupa tarehe, wanangoja mambo: apumue mwenyewe, ashike joto bila mashine, anyonye bila mpira wa puani na uzito upande. Kwa kukadiria tu, wengi hutoka karibu na ile tarehe uliyoambiwa ungejifungua. Wewe muweke kifuani ngozi kwa ngozi, na kofia na soksi, mfunge na leso hapo hapo saa nyingi uwezavyo, hii ni tiba kabisa wala si kupitisha wakati. Baba anaweza, nyanya pia. Wasikuambie ni aibu.

Kitovu tupake nini? Bibi ana samli yake.

Samli ipelekwe jikoni jamani 😄 Kama hospitali wamekupa ile dawa ya klorheksidini paka kitovuni tu, kamwe isiguse macho, inaumiza vibaya. Kama hawakukupa, kiache kikavu na wazi, nepi ikunjwe chini yake.

Nikiwa nyumbani nirudi haraka lini?

Akikataa kunyonya, akishtuka degedege, akipumua mbio (60 kwenda juu kwa dakika, hesabu dakika nzima akiwa ametulia), kifua kikiingia ndani akivuta pumzi, akilegea, akiwa moto au baridi, kitovu kikinuka au kutoa usaha, akiwa wa manjano siku ile ile ya kwanza ama viganja na nyayo zikageuka manjano siku yoyote. Hiyo manjano ya nyayo usimuanike jua la asubuhi ukangoja, ataka kupimwa damu na pengine kuwekwa chini ya taa. Na wewe mama ukilowesha pedi moja baada ya nyengine, kichwa kikikuuma sana na macho kuona ukungu, au homa, boti hiyo hiyo.

Lakini niko ndani ya arobaini, kliniki nitaendaje?

Funika mtoto uende. Ya siku ya pili au ya tatu na ya wiki ya kwanza au ya pili ziko ndani ya arobaini, hazingoji. Chanjo za wiki sita ndizo zinaangukia siku ya 42, ushatoka.