Samaki wasiolengwa ni nini?

Ukisoma taarifa za uvuvi hutakosa kukutana na maneno haya. Samaki wasiolengwa ni viumbe walionaswa na mtego uliotegewa kiumbe mwingine. Meli imetoka kutafuta kamba (wa kuliwa, si ya kufungia), wavu ukapanda na kamba, samaki taa, kaa, vitoto vya changu, pengine na kasa. Wote hao, ukiwatoa kamba, ndio wasiolengwa.

Neno hilo halikuzaliwa kwenye ngalawa. Nilimtazama mzee mmoja Malindi akifungua dema lake maji yalipotoka. Dema ni kikapu cha fito chenye matundu ya pembe sita. Mdomo umepinda ndani, samaki akishapita haoni pa kurudia. Lamu huliita lema. Siku hiyo lilitoa tafi watano, pono, kaa mmoja na changu wawili wa kiganja. Tafi na pono wakaenda kwa tajiri anayenunua samaki, kaa akawekwa wa nyumbani. Changu walikuwa wangali wanapigapiga mikia: mmoja akarudishwa majini, wa pili akapewa mtoto aliyesaidia kuvuta chombo. Nikamuuliza mzee ni yupi hakumlenga. Akanitazama kama niliyeuliza swali la kizungu.

Maana asiyelengwa si aina ya samaki, ni hukumu ya soko. Barafu ya meli ina nafasi yake, na mnunuzi wa mbali anataka kamba wa saizi moja. Samaki wa bei ndogo anakula nafasi ya kamba wa bei kubwa, kwa hiyo anatupwa. Samaki huyo huyo akifika Ngomeni, kijiji cha wavuvi, ni mchuzi wa watu sita.

Pwani yetu mfano wake ni Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya Malindi, ambako Sabaki na Tana humwaga tope na rutuba, na kamba hunenepa. Meli za trola hufuata hapo. Wavu wao ni mfuko mpana unaokokotwa juu ya sakafu ya bahari kwa saa kadhaa, ukizoa kila kilichokaa chini. Kilo moja ya kamba huweza kupanda na kilo kadhaa za vingine, na hadi wachaguliwe pale juu, wengi wamekwisha kufa. Wavuvi wadogo walilalamika miaka mingi, nyavu zao zikikatwa na trola usiku. Mwaka 2006 uvuvi wa trola ukasimamishwa. Baadaye meli zikaruhusiwa kurudi kwa masharti, mojawapo likiwa kukaa zaidi ya maili 3 za baharini kutoka ufuoni.

Ipo pia dawa ya kiufundi: kichujio cha vyuma kinachofungwa ndani ya wavu kwa mshazari, kamba wapenye, kasa asukumwe kwenye mlango wa kutokea. Marekani tangu sheria yake ya 1989 inakataa kamba waliovuliwa bila kinga ya namna hiyo. Kasa anaokoka. Vitoto vya changu vinapenya pamoja na kamba.

Shambani neno la aina hiyo ni "magugu". Shamba kubwa la zao moja likipuliziwa dawa, mimea ya mchunga na mnavu hufa kama adui. Mama wa Kigiriama akipalilia mahindi yake huichuma mimea hiyo hiyo akaenda kuipika.

Lakini tusijipambe. Zana za asili nazo hazina macho. Jarife, wavu wa papa na taa, hulala majini usiku kucha, na kasa hana budi kupanda juu kuvuta pumzi. Mvuvi wa Kiunga, kaskazini ya Lamu, akiupandisha alfajiri akamkuta kasa amekufa maji, huyo naye ni asiyelengwa, na hakuna meli yoyote iliyopita hapo.