Maganda ya mayai hayachavushi ua la kojeti

Jana saa tatu usiku picha nyingine iliingia kwenye simu yangu. Kijitunda cha kojeti (courgette) chenye urefu wa kidole, kimegeuka manjano kuanzia nchani, kimelala juu ya udongo uliotapakaa vipande vyeupe. Sikuhitaji kuikuza picha kujua vile vipande ni nini. Chini yake dada mmoja aliandika: "Mwalimu, nimeweka maganda ya mayai kumi na mawili na bado vinaoza. Niongeze?"

Usiongeze, dada. Na wewe unayesoma hapa ukiwa na bakuli la maganda mkononi, usianze.

Nauza miche na kufundisha watu wa Nairobi kulima kwenye ndoo, na hakuna ushauri unaonichosha kama huu. Kijitunda kikinyauka, mtu anaambiwa ni ukosefu wa madini ya chokaa. Anasaga maganda ya mayai ili aiongeze. Kikinyauka kingine anaongeza CAN, mbolea yenye naitrojeni na chokaa. Mmea unapata naitrojeni nyingi, unatoa majani makubwa kama sinia, maua yanapungua, na mwenye ndoo anakata tamaa akisema kojeti haifai mjini. Kojeti inafaa sana mjini. Ila kile kijitunda hakikuwa na njaa. Hakikuchavushwa.

Mmea wa kojeti una maua ya aina mbili kwenye shina moja. Ua la kiume limesimama juu ya kikonyo chembamba, kirefu, na ndani yake kuna kijiti kimoja chenye unga wa manjano, yaani chavua. Ua la kike limekaa kwenye kikonyo kifupi kinene, na nyuma yake, kabla hata halijafunguka, tayari kuna kojeti ndogo. Hapo ndipo watu wanapokosea. Wanaona ile kojeti ndogo wanadhani tunda limeshashika. Halijashika. Ni ovari, yaani mfuko wa mbegu, inayosubiri chavua. Chavua isipofika ndani ya asubuhi ile moja ambayo ua liko wazi, mmea unakiacha kile kijitunda. Kinakoma kukua, kinageuka manjano kuanzia upande wa ua, kinalainika na kuanguka. Chavua ya jamii hii ya malenge ni nzito na inanata, haipeperushwi na upepo. Lazima ibebwe.

Ukosefu wa madini ya chokaa upo, siukatai, lakini sura yake ni nyingine. Tunda linakuwa limeshakua, pengine urefu wa kiganja, halafu nchani panatokea baka jeusi au la kahawia lililobonyea. Hata hapo, mara nyingi chokaa imo udongoni, shida ni maji. Ukimwagilia leo kwa wingi, kesho kutwa ndoo ikauke kabisa, mizizi inashindwa kulifikishia tunda chokaa hiyo kwa wakati. Na ganda la yai halitatui shida hiyo, maana vipande vile vinayeyuka polepole mno. Nimemwaga ndoo za msimu uliopita nikakuta maganda yako vilevile, meupe, na ule utando wake wa ndani bado umeshika.

Sasa mbona jirani anakuapia kwamba aliweka maganda na kojeti zikashika? Hasemi uongo. Kalenda ndiyo inayomdanganya. Mmea mchanga hauanzi kwa mpango. Mara nyingi unatoa maua ya kiume tu kwa wiki nzima au zaidi, na kukiwa na baridi unaweza kutanguliza ya kike. Yale ya kike yaliyotangulia hayana mwenza, kwa hiyo vijitunda vyake vyote vinaanguka. Mtu anashtuka, anasaga maganda, anasubiri. Baada ya siku nane au kumi maua ya kiume yanafunguka, nyuki mmoja anapita, tunda linashika. Sifa zinaenda kwa mayai. Angeweza kuweka kokoto na matokeo yangekuwa yaleyale. Isitoshe, zipo mbegu chotara zinazozaa bila kuchavushwa kabisa, na jirani huenda alinunua hizo bila kujua.

Kingine ninachoambiwa ni kwamba bibi mzee kule kijijini hakuwahi kuchavusha malenge yake kwa mkono. Kweli. Malenge yake yalijiotea pembeni ya shimo la takataka, yakatambaa hadi kwenye kiwanja cha jirani, na kila asubuhi maua kadhaa ya kiume na ya kike yalikuwa wazi pamoja huku nyuki wakitoka kwenye miti ya karibu. Wewe una mche mmoja, ghorofa ya tano, mtaa wa Pipeline, na mbele yako ni ukuta wa jengo jingine. Nyuki anakuja huko kwa bahati tu.

Kwa hiyo kazi ya nyuki ni yako. Wiki iliyopita nilikuwa mtaa wa Umoja kwa mama mmoja aliyeshindwa misimu miwili. Nilimwomba nifike saa moja asubuhi, akashangaa kwa nini si jioni akitoka kazini. Ni kwa sababu ua linafunguka alfajiri, na ikifika saa nne au saa tano limeshajikunja, halifunguki tena. Tulikuta la kike moja na ya kiume mawili. Nilichuma la kiume, nikalichana petali zake zote hadi kikabaki kile kijiti, nikamwambia aguse kwa ncha ya kidole. Kidole kikatoka na unga wa manjano. "Ukiona hivi, chavua iko tayari," nikamwambia. Kisha yeye mwenyewe akakipaka kijiti kile katikati ya ua la kike, pale penye vinundu vinavyonata, akizunguka vyote. Usiguse mara moja ukaondoka. Ukipaka upande mmoja tu unapata tunda lililonenepa karibu na kikonyo na kusinyaa nchani, kama chupa iliyogeuzwa. Tukatumia na la pili. Siku ya tatu akanitumia picha: kojeti imeongezeka unene, kijani inang'aa, na ua lililokauka bado limening'inia nchani. Siku ya sita aliichuma.

Jioni kabla ya hapo kagua matumba. Tumba ambalo ncha yake imegeuka manjano litafunguka kesho. Lenye kijani tupu bado. Ukiliona la kike liko tayari na la kiume halipo, huna la kufanya asubuhi, ndiyo maana siuzi mche mmoja kwa mtu anayeanza. Chukua miwili, mitatu ikiwezekana, uongeze uwezekano wa kupata jinsia zote siku moja. Kinyume chake, ukiwa na ya kiume leo na la kike kesho, chuma la kiume uliweke kwenye kibakuli chenye kifuniko ndani ya friji. Mimi hufanya hivyo na mara nyingine tunda hushika, mara nyingine halishiki. Siwezi kukuahidi.

Na kuna jambo ambalo vitabu haviliweki wazi: unaweza kuchavusha vizuri, chavua ikiwa kavu, saa ikiwa sahihi, na bado kijitunda kikanyauka. Mmea wenye matunda matatu yanayokua kwa pamoja ndani ya ndoo mara nyingi huliacha la nne. Wakati mwingine nimeona ukiacha hata la kwanza, na sababu sikuiona. Kwangu, matunda mawili kati ya matatu yakishika, naridhika. Masika ya Aprili hupunguza zaidi, maana chavua iliyolowa hushikana na haifanyi kazi. Jioni ya mvua mimi hufunga ncha ya tumba kwa uzi laini, asubuhi nafungua, napaka, nafunga tena.

Yaliyobaki ni mepesi. Ndoo ya rangi ya lita 20, matundu sita chini, mche mmoja. Mmoja! Udongo mwekundu uchanganywe na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri na kitu cha kuulegeza. Wa Embakasi na Syokimau, ule udongo mweusi wa mfinyanzi msiujaze kwenye ndoo, ukilowa unaziba na ukikauka unapasuka. Tumbukiza kidole hadi kiungo cha pili, pakiwa pakavu mwagilia hadi maji yatoke chini. Majani yakilegea saa saba mchana na udongo una unyevu, yaache, jioni yatasimama. Unga mweupe juu ya majani ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu. Kata majani ya chini yaliyozeeka, hewa ipite. Na usiiweke ndoo juu ya ukuta wa roshani: ikilowa inakaribia kilo 30, na chini kuna watoto wanacheza.

Jua ndilo ningependa uliangalie kabla hata hujanunua mbegu. Nairobi iko digrii moja na kitu kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la mchana liko upande wa kaskazini. Roshani inayotazama kusini katika miezi hiyo haipati jua la moja kwa moja, hata ukimwaga gunia zima la samadi. Inayotazama kaskazini inapata shida hiyohiyo kuanzia Oktoba hadi Machi. Mashariki au magharibi unapata nusu siku mwaka mzima, na kojeti inahitaji kama saa sita. Juni na Julai mawingu yanapunguza hata hizo, nyuki wanachelewa kutoka, na mimea inakaa bila kusonga. Mimi hupanda mwisho wa Agosti, na tena Januari kwa wenye maji ya kutosha.

Chuma kojeti ikiwa sentimita 15 hadi 20. Ukiiacha inenepe uwapendeze wageni, mmea unaanza kulea mbegu na kupunguza maua ya kike. Na ikiwa chungu mdomoni, iteme na uitupe, hata kama umeshaikaanga.

Yule dada nilimwomba anipigie picha ya kila ua kutoka nyuma, kikonyo kionekane. Amenitumia leo saa tano na nusu. Moja la kike, limeshajikunja. Mawili ya kiume, nayo yamejikunja. Lakini pembeni kuna matumba matatu yenye ncha za manjano, na moja kati yake lina kikonyo kifupi kinene. Nimemwambia aweke kengele ya saa kumi na mbili na nusu, na asifagie yale maganda kwanza, aje tu na kidole.