Hita ya maji ya sola: kupasha ni rahisi, kazi iko kwenye kulitunza joto

Watu wakitufata ofisini kuulizia hita ya sola swali la kwanza huwa ni paneli, niweke ngapi, za bapa au za mirija, ipi inapasha haraka, na sisi huwa tunawarudishia swali lingine kabisa: maji ya moto unayatumia saa ngapi? Sababu kupasha maji kwa jua wala sio shida. Mpira mweusi wa kumwagilia ukiachwa juani mchana, ukifungulia, yale maji ya mwanzo yanaweza kukuunguza mkono, na hapo hakuna utaalam wowote uliofanyika. Sasa rudi kwenye mpira huohuo saa tatu usiku. Baridi. Kwa hiyo kinachonunuliwa hasa kwenye hita ya sola ni uwezo wa kulifanya joto la saa nane mchana bado liwepo saa kumi na moja alfajiri, na hapo ndo mifumo mingi inapofelia.

Hili limejulikana muda mrefu tu. Mwaka 1891 kule Baltimore, Marekani, Clarence Kemp alipata hataza, yani haki ya kisheria ya mbunifu, ya hita yake, matenki ya chuma yaliyopakwa rangi nyeusi yakawekwa ndani ya boksi lenye kioo. Mchana ilipasha vizuri, usiku joto lote linarudi lilikotoka kupitia kioo kilekile. Alafu 1909 William Bailey wa California akatenganisha vitu viwili, sehemu ya kupashia ikabaki juani na tenki likawekwa pembeni limefungwa vizuri joto lisitoke, akaipa jina la Day and Night, yani mchana na usiku. Hita za leo zimebadilika vifaa lakini wazo ni lilelile.

Kwanza tuweke hili sawa, hizi sio zile paneli za umeme. Paneli ya umeme inageuza karibu moja ya tano tu ya jua linaloipiga kuwa umeme, wakati paneli ya kupashia maji inachukua joto moja kwa moja na kwa wastani inaweza kuokoa nusu hivi ya nguvu ya jua, kwa hiyo eneo dogo la paa linatosha. Ziko aina mbili kuu. Ya bapa ni boksi lenye kioo juu, ndani kuna bati jeusi lililoungwa na vibomba vya kopa, na chini yake kuna tabaka la kuzuia joto. Ya mirija ni vioo viwili kimoja ndani ya kingine na katikati hewa imenyonywa yote, joto likiingia halipati njia rahisi ya kutoka, ndo maana inavumilia zaidi sehemu za baridi na upepo. Sehemu yenye joto na jua la kutosha ya bapa inafanya kazi vizuri tu na ni ngumu kuvunjika, hapo sioni haja ya watu kugombana.

Maji yenyewe yanazunguka bila pampu kama tenki liko juu ya paneli. Maji yakipata moto yanakuwa mepesi yanapanda kwenye tenki, yale ya baridi mazito yanashuka chini ya paneli, na mzunguko unaendelea ilimradi jua lipo. Masharti yake ni mawili na fundi asiyeyajua atakuharibia kila kitu: kitako cha tenki kikae juu ya kichwa cha paneli, sentimita 30 au zaidi, la sivyo usiku mzunguko unaweza kugeuka paneli ikaanza kupoza maji uliyopasha mchana kutwa, na bomba linalopanda lisiwe na sehemu inayoshuka njiani, sababu hewa itakaa pale na maji yatasimama.

Sasa hesabu. Kupasha lita 100 kutoka digrii 20 hadi 60 kunahitaji kama yuniti 4.7 za nishati, yani zilezile za kwenye mita ya umeme. Kila mita moja ya mraba kwenye sehemu yenye jua zuri inapokea karibu yuniti 5 kwa siku, paneli ya mita 2 za mraba ikiokoa nusu yake tayari una lita zako 100. Na mtu haogi maji ya digrii 60, ukichanganya nusu kwa nusu na ya digrii 20 unapata 40 ambayo ndo ya kuogea, kwa hiyo hizo lita 100 bafuni zinakuwa 200. Familia nyingi zinajikuta zimenunua paneli kubwa kuliko tenki, maji yanachemka saa saba mchana hakuna mtu nyumbani, alafu asubuhi watu watatu wameoga yameisha. Bora tenki likubali matumizi ya siku nzima na zaidi kidogo.

Alafu unene wa tabaka la kuzuia joto kwenye tenki, hapa usikubali kupunguziwa. Tenki la lita 150 lenye povu gumu la sentimita 5 kuzunguka linapoteza digrii chache tu usiku mzima. Hilohilo likiwa halina povu lolote, maji ya 60 jioni unaweza kuyakuta kwenye 30 na kitu asubuhi, jua lote la jana limeenda kupasha hewa ya juu ya paa. Mabomba nayo ni hivohivo. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 15 linabeba lita 2 hadi 3, kila ukifungua unamwaga kwanza hizo zilizopoa ndo moto ufike, kwa hiyo tenki likae karibu na bafu na jiko na bomba la moto livalishwe povu mwanzo hadi mwisho, sio kipande kile tu kinachoonekana na mwenye nyumba.

Elementi ya umeme ya akiba kwa ajili ya siku za mawingu ni sawa kuwa nayo ila isiachwe imewashwa saa 24. Ikiwa inawaka asubuhi maji yanakuwa ya moto kabla jua halijatoka, sola inakosa cha kupasha, alafu bili ikija juu watu wanasema sola haifanyi kazi. Iwashwe jioni, na ni pale tu mchana umekuwa wa mawingu.

Kwenye usalama, tenki lifike digrii 60 mara kwa mara maana kuna bakteria wa lejionela wanaopenda maji yaliyotulia ya digrii 20 mpaka 45 na wanaleta nimonia mbaya. Lakini maji ya 60 yanamuunguza mtu vibaya ndani ya sekunde chache tu, hasa watoto na wazee, kwa hiyo weka valvu ya kuchanganyia kabla ya bomba la bafuni. Na ile valvu ya kutoa presha isizibwe hata siku moja eti kwa sababu inadondosha matone, maji yakipata moto yanatanuka, tenki la lita 200 likitoka 20 kwenda 60 linataka nafasi ya lita 3 hivi za ziada na lazima zipate pa kwenda.

Shambani ndo kuna faida kubwa ambayo watu hawaioni. Kuosha vyombo vya kukamulia kunataka maji ya digrii 70 hadi 80, sola peke yake inaweza isifike kila siku, lakini ikiyatoa 20 ikayafikisha 60 imeshafanya theluthi mbili ya kazi, kuni au gesi inamalizia tu. Maji ya kunyonyolea kuku ni 50 na kitu mpaka 60, hapo sola inatosha kabisa. Maziwa ya ndama yapashwe mpaka kama 39, na mtambo wa biogesi unazalisha vizuri ukikaa kwenye 35 hadi 37, kwa hiyo koili, yani bomba lililozungushwa, ya maji ya sola ndani yake inasaidia sana msimu wa baridi. Uzuri wa shamba ni kwamba kazi nyingi unaweza kuzipanga alasiri, maji yakiwa moto kabisa, kwa hiyo hata suala la kuyatunza usiku linapungua.

Kama maji yako ni ya kisima yenye chokaa nyingi, usiyapitishe kwenye paneli, vibomba vitaziba taratibu. Chukua mfumo wa mizunguko miwili ambapo majimaji mengine ndo yanazunguka kwenye paneli na kuyapasha ya kwako kupitia koili, na sehemu za baridi kali ambako maji yanaganda huohuo ndo unatumika ukiwa na dawa ya kuzuia kuganda. Ndani ya tenki la chuma kuna fimbo ya magneziamu inayoliwa na kutu badala ya tenki, ikaguliwe kila baada ya mwaka mmoja au miwili, ikiisha zamu ni ya tenki. Na mirija ya vioo ikiwa imekaa mitupu juani usiijaze maji ya baridi mchana, vioo vitapasuka hapohapo, subiri asubuhi mapema kabla jua halijapanda au uifunike na uiache ipoe kwanza.