Kutoka katika nchi yako: maana ya ugeni katika Biblia na katika imani ya Kikristo

Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na msomaji wa Biblia aliyelelewa na methali hiyo huenda akashtuka kidogo anapofika Mwanzo sura ya 12, ambako Mungu anamwamuru Abramu atoke katika nchi yake, na jamaa zake, na nyumba ya baba yake, aende mpaka nchi atakayoonyeshwa. Habari ya taifa la Israeli, na kwa njia hiyo habari ya Kanisa, inaanza na mtu anayefunga mizigo. Tangu hapo dhana ya kutoka katika nchi yako hurudi tena na tena katika Maandiko, katika nyimbo na katika mahubiri ya mazishi, ikibebwa na maneno kama ugeni, upitaji, uhamisho na utawanyiko. Kwa sababu maneno hayo hutamkwa kwa mazoea, ni rahisi mtu kudhani kwamba Biblia inafundisha kudharau nyumbani, au kuipuuza dunia kana kwamba ni kituo cha basi. Haifundishi hivyo. Dhana hii ina maana ya kuishi kwa kuitegemea ahadi ya Mungu kuliko ulinzi unaotokana na ardhi, ukoo na urithi, huku mtu akiendelea kuwajibika kikamilifu kwa mahali alipo na kwa watu anaoishi nao.

Mpangilio wa amri yenyewe unastahili kutazamwa kwa makini. Inatajwa nchi, kisha jamaa, kisha nyumba ya baba, na kila neno linaingia ndani zaidi ya lile lililotangulia, mpaka linafika mlangoni pa nyumba aliyozaliwa. Katika Mashariki ya Kati ya kale vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyomlinda mtu: ardhi ilimlisha, ukoo ulimtetea alipodhulumiwa, na nyumba ya baba ilimpa jina na urithi. Aliyetoka katika hivyo vyote hakuwa na wa kumsemea. Abramu alikuwa na umri wa miaka 75 alipotoka Harani, mji ambako baba yake Tera alikuwa ametua akitokea Uru ya Wakaldayo na kukaa hapo, ingawa nia yake ilikuwa kufika Kanaani. Huo si umri wa kijana anayekwenda kutafuta maisha. Waraka kwa Waebrania unaongeza kwamba alitoka asijue aendako.

Je, mtu huyo aliikataa kwao? Jibu liko katika sura ya 24 ya Mwanzo. Ibrahimu, jina aliloitwa Abramu baadaye, ambaye sasa ni mzee sana, anamtuma mtumishi wake aende katika nchi aliyotoka na kwa jamaa zake akamtafutie Isaka mke, na papo hapo anamwonya asithubutu kumrudisha kijana huko. Undugu haukukatwa, kilichofungwa ni njia ya kurudi kwenye usalama ulioachwa kwa ajili ya mwito. Waebrania 11:15 inasema kwamba kama mababa hao, yaani Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wangaliikumbuka nchi ile waliyotoka, wangalipata nafasi ya kurejea. Hakuna aliyewazuia. Walibaki katika hema kwa sababu walikuwa wanautazamia mji ambao mwenye kuubuni na kuujenga ni Mungu.

Kwangu mimi, ukurasa unaoieleza dhana hii vizuri kuliko yote ni Mwanzo sura ya 23, ambao wengi hupita haraka wakiudhani ni habari ya biashara. Sara amefariki huko Hebroni akiwa na miaka 127. Imepita miaka 62 tangu mumewe atoke Harani, na katika nchi yote aliyoahidiwa hana hata mahali pa kumzika mkewe. Anainuka kutoka mbele ya maiti, anawaendea Wahiti, na kujitambulisha kwao kuwa ni mgeni na msafiri kati yao, akiomba auziwe mahali pa kaburi. Anainama mbele yao. Efroni Mhiti kwanza anasema atampa bure, kisha anataja bei ya shekeli 400 za fedha, nasi tunamwona mzee huyo aliyefiwa akiipima fedha mbele ya watu wote waliokusanyika langoni pa mji. Hati ya mauzo inataja shamba, pango lililomo, na hata miti iliyomo. Hilo pango la Makpela ndilo ardhi pekee aliyoinunua kuwa miliki yake, na baadaye alizikwa humo yeye mwenyewe, kisha Isaka na Rebeka, Lea na Yakobo. Stefano, akijitetea mbele ya baraza katika Matendo sura ya 7, alisema Mungu hakumpa Ibrahimu urithi katika nchi hiyo hata kiasi cha kuweka mguu. Ugeni wa Biblia unaonekana hapo: ahadi ni nchi nzima, na kilichomo mkononi ni kaburi.

Maneno aliyojitambulisha nayo Ibrahimu yamekuwa na safari yake. Katika Kiebrania ni ger na toshav, yaani mtu wa kutoka nje anayeishi miongoni mwa wenyeji bila haki zote za mwenyeji. Wayahudi walipoitafsiri Torati kwa Kigiriki, karne kadhaa kabla ya Kristo, jozi hiyo ilipata maneno ambayo baadaye Waraka wa kwanza wa Petro uliyachukua kuwaelezea Wakristo wote, katika 2:11, ambapo Biblia ya Kiswahili inasema “wapitaji na wasafiri”. La kwanza ni paroikos, mtu anayekaa kando ya nyumba za wenyeji. Kutokana na neno hilo ndilo lilipatikana jina ambalo mamilioni ya waumini hulitamka bila kuliwazia: parokia. Leo parokia humaanisha eneo lenye mipaka, jengo, ofisi na rejesta ya ubatizo, kitu kilichotulia kuliko vyote. Asili yake ni kukaa ugenini. Mwishoni mwa karne ya 1 waumini wa Roma waliwaandikia wenzao wa Korintho wakijiita kanisa la Mungu linalokaa ugenini Roma.

Haifai kudhani kwamba kila kuondoka katika Biblia ni tendo la imani. Kaini anaondoka kwa sababu ya damu ya ndugu yake, na Yona anapanda merikebu ya kwenda Tarshishi ili amkimbie Mungu. Mwana mdogo katika mfano wa Luka 15 anakwenda nchi ya mbali akiwa na fungu lake mfukoni na hana mwito wowote. Elimeleki anakimbia njaa ya Bethlehemu kwenda Moabu, ambako anakufa yeye na wanawe wawili, na mjane wake Naomi anarudi mikono mitupu. Ajabu ni kwamba katika kurudi huko kwa Naomi ndiko anatokea mtu anayefanana na Ibrahimu kuliko wote, naye ni Ruthu Mmoabu, mkwewe, anayeacha baba na mama na nchi aliyozaliwa, akaenda kwa watu asiowajua. Yeye hakusikia sauti kutoka mbinguni wala hakuahidiwa taifa kubwa. Alikuwa na mama mkwe aliyempenda, basi.

Kuna pia wale walioondoka kwa kulazimishwa: Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake, Danieli na wenzake, na halaiki iliyopelekwa Babeli. Kundi kubwa lilichukuliwa mwaka 597 kabla ya Kristo, na takriban miaka kumi baadaye Yerusalemu na hekalu lake vikateketezwa. Zaburi ya 137 imehifadhi kilio cha watu hao kando ya mito ya Babeli, wakiwa wametundika vinubi vyao mitini na kuuliza wauimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni. Ni swali la kweli, na Biblia haiwakemei kwa kuliuliza. Lakini kulikuwa na manabii waliowafariji kwa uongo. Hanania aliwaambia watu kwamba mambo yote yatakwisha katika miaka miwili. Yeremia aliwaandikia mateka barua ya namna nyingine kabisa. Wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoze watoto wao, na wautakie amani mji ule ule uliowateka na kuuombea kwa Bwana, kwa maana katika amani ya mji huo wao nao watapata amani. Miaka iliyotajwa ni 70, kwa hiyo wengi waliosomewa barua hiyo walielewa kwamba watazikwa huko. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeremia aliwataka wageni hao walichukue jembe wenyewe.

Barua hiyo ndiyo inayozuia dhana ya upitaji isigeuke kuwa kisingizio. Mtu anayesema “sisi ni wapitaji tu” ili asihangaike na uonevu, na uchafu wa mto, au na shule ya watoto wa jirani, analitumia neno la Petro kinyume na Petro mwenyewe, ambaye mara baada ya kuwaita wapitaji anawataka wawe na mwenendo mzuri kati ya Mataifa, ili watu wayatazame matendo yao mema.

Agano Jipya linaipeleka dhana hii mpaka kwa Kristo. Kwa mujibu wa Mathayo, alikuwa bado mtoto mdogo alipochukuliwa usiku kwenda Misri kwa sababu Herode alitaka kumwua. Na alipokuwa mtu mzima alisema mbweha wana pango na ndege wana viota, lakini Mwana wa Adamu hana mahali pa kulaza kichwa chake. Yohana anasema alikuja kwake, wala walio wake hawakumpokea, yaani alikuwa mgeni hata nyumbani. Paulo anawaandikia Wafilipi kwamba wenyeji wetu, yaani uraia wetu, uko mbinguni, na sentensi hiyo ilikuwa na uzito wa pekee katika Filipi, mji wa walowezi wa Kirumi walioishi Makedonia huku wakijivunia haki zao za uraia wa Roma. Walijua maana ya kuishi mahali pamoja kwa sheria za mahali pengine. Pamoja na hayo, Waraka kwa Waefeso unawaambia waumini kwamba wao si wageni tena wala wapitaji, bali ni wenyeji pamoja na watakatifu na watu wa nyumbani mwake Mungu. Mkristo, basi, ana kwao.

Karne za baadaye zilipokea urithi huu kwa namna tofauti. Wamonaki wa Ireland waliona kuiacha nchi yao kwa ajili ya Kristo ni sadaka kubwa kupita nyingine. Columba alivuka bahari mwaka 563 na kuanzisha monasteri katika kisiwa cha Iona. Katika karne hiyo hiyo, kanuni ya Benedikto iliwataka wamonaki wake waahidi kinyume chake, kukaa katika jumuiya moja mpaka kufa. Sioni ugomvi kati ya hao wawili. Anayebaki chumba kilekile kwa miaka 50 kwa utii naye ameiacha nyumba ya baba yake.

Tunda la dhana hii ambalo Torati inalisisitiza mno ni jinsi mgeni mwingine anavyotendewa. Kutoka 23:9 inawakataza Waisraeli kumwonea mgeni kwa sababu wao wanaujua moyo wa mgeni, na Walawi 19:34 inaamuru apendwe kama nafsi yako. Kumbukumbu la Torati sura ya 26 inaliweka jambo hilo katika ibada. Mkulima, ambaye sasa ana shamba lake katika nchi ya ahadi, anatia malimbuko katika kapu na kulipeleka mbele ya kuhani. Kapu linawekwa mbele ya madhabahu, naye anakiri kwa sauti, akiwa bado na udongo wake mwenyewe miguuni, kwamba baba yake alikuwa Mwarami asiye na makao, aliyeshuka Misri na kukaa huko ugenini na watu wachache. Kisha anaamriwa ayafurahie mema yote aliyopewa, yeye, na Mlawi, na mgeni aliye katikati yake.