Sketi ya Kwanza: Artur Hazelius na Makumbusho ya Uswidi

Akija mtu makumbusho na kibao cha mbuzi alichoachiwa na bibi yake, sisi wahifadhi hatuanzi na bei. Tunauliza kilichongwa wapi, na nani, kikakuna nazi katika jiko la nani. Wengine huona tunawapotezea muda. Maswali hayo yana waasisi wake, na mmoja wao ni Mswidi ambaye hata hakusomea kazi hii.

Artur Hazelius alizaliwa Stockholm mwaka 1833, baba yake akiwa afisa wa jeshi. Alisoma Chuo Kikuu cha Uppsala, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1860, akafundisha lugha na kujiingiza katika mijadala ya tahajia. Kiangazi cha 1872 akasafiri na mkewe Sofi hadi Dalarna, mkoa uliosifika kwa mavazi ya asili. Wakakuta mambo yanageuka: vitambaa vya kiwandani vinaingia, na nguo zilizofumwa nyumbani zinatupwa masandukuni. Hazelius akaanza kununua. Kitu kinachohesabiwa kuwa cha kwanza katika mkusanyo wake ni sketi ya sufu kutoka parokia ya Stora Tuna. Sketi ya kuvaa tu, wala si vazi la malkia. Makumbusho nyingi za wakati ule zisingeipokea.

Oktoba 1873 alifungua maonyesho yake mtaa wa Drottninggatan, Stockholm. Mwaka uliofuata Sofi akafariki baada ya kujifungua mtoto wao, Gunnar. Hazelius akaendelea, akiandika barua za kuomba vitu na fedha kwa kila aliyedhani ana kimoja kati ya hivyo. Mwaka 1880 mkusanyo ukapewa jina la Nordiska museet, yaani Makumbusho ya Nchi za Kaskazini.

Ubunifu wake ulikuwa katika namna ya kuonyesha. Alijenga vyumba vya kuta tatu, upande wa nne ukiachwa wazi kama jukwaa la maigizo, ndani yake sanamu zenye kimo cha mtu zimevaa nguo halisi katikati ya samani halisi. Kimojawapo kilipelekwa Paris, kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1878: familia imezunguka kitanda cha mtoto aliyefariki. Watazamaji walikuja kuona mavazi, wakajikuta msibani.

Tarehe 11 Oktoba 1891 akafungua Skansen, makumbusho ya wazi kwenye kilima cha kisiwa cha Djurgården, Stockholm. Humo hakuweka vyumba vya kuigiza bali nyumba zenyewe, zilizobomolewa vijijini, zikasafirishwa na kujengwa upya. Jina hilo limeenea hadi Wapoland na Wacheki wakaligeuza kuwa neno la kawaida la makumbusho ya aina hiyo. Ila si kila kitu cha kusifiwa. Wasami, wafugaji wa kaskazini, waliwekwa pale na rendia wao, wanyama wenye pembe wa nchi za baridi, ili watazamwe. Vyombo vya watu kuviweka kwenye maonyesho ni jambo moja. Watu wenyewe ni jambo jingine, na taaluma yetu ilichelewa kuona tofauti hiyo.

Hazelius alifariki Mei 1901 na kuzikwa palepale Skansen. Jengo kubwa la Nordiska museet lilikamilika mwaka 1907, hakuliona.

Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa miaka ya 1960, ni cha ukoo huohuo, ila kina mtihani wake. Nyumba ya magogo ya Uswidi ikitunzwa hukaa karne kadhaa. Yetu ya fito, udongo na makuti mvua huila, mchwa nao hawana subira, kwa hiyo hujengwa tena na tena. Kinachohifadhiwa hapo hasa ni ujuzi wa fundi: anavyochagua fito, anavyofunga kamba, anavyoanza kuezeka kutoka chini kwenda juu.

Ukiwa na kitu cha wazee unachotaka kukileta makumbusho, andika kwenye karatasi jina la aliyekitumia, kijiji, na kazi ya kitu hicho. Bandika karatasi kwenye mfuko, si kwenye kitu chenyewe. Na tafadhali usikisugue kwanza: masizi yaliyo chini ya chungu ni sehemu ya maelezo tunayoyatafuta.