Geuza Unyayo, Tazama Kucha

Mtu akija kliniki ya ngozi na wasiwasi wa kidoa cheusi, mara nyingi huonyesha cha shavuni au shingoni. Sisi humwomba avue viatu na soksi. Wapo wanaoona haya, maana hawakujiandaa kwa hilo. Lakini kwa sisi weusi, saratani ya ngozi iitwayo melanoma hujificha zaidi kwenye unyayo, viganjani na chini ya kucha, mahali ambapo jua halina lawama.

Bob Marley alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Ugonjwa ulianzia chini ya ukucha wa mguu, na mwanzoni ulidhaniwa ni jeraha la mpira. Kwetu nako husingiziwa mwiba, kiatu kilichobana au kujikwaa. Kuna namna ya kutofautisha: damu iliyovilia chini ya ukucha husogea mbele kadiri ukucha unavyoota, na baada ya miezi huisha nao. Melanoma haisogei na ukucha. Hubaki palepale ikitanuka.

Usishtuke kwa kila mstari, hata hivyo. Watu wazima wengi weusi wana mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa, nayo ni maumbile tu. Tunautilia shaka mstari mpya wa ukucha mmoja, unaozidi kuwa mpana, hasa weusi wake ukimwagikia kwenye ngozi ya pembeni. Kwenye unyayo, doa linalokua, lenye kingo zisizo sawa au rangi za mchanganyiko, au kidonda kisichofunga, lisisubiri. Jikague mara moja kwa mwezi baada ya kuoga. Asiyeweza kuinama aangaliwe na mwanawe au mwenzake.

Na tafadhali, usilichome kwa dawa wala kulikwangua kwa wembe. Tukikata kipande cha nyama na kukipeleka maabara, tunataka kujua doa limezama kiasi gani. Lisilozidi milimita 1 mara nyingi hupona kwa upasuaji. Likishachomwa, kipimo hicho kimeharibika.

Wengine huja kuulizia tiba ya mwanga, ambayo si ya saratani bali ya magonjwa mengine ya ngozi. Si jambo geni: Niels Finsen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Taa za leo hutoa miale ya urujuanimno ya takriban nanomita 311, na huwasaidia wenye mbalanga (mabaka meupe ya ngozi), soriasisi (mabaka yenye magamba) na baadhi ya wenye pumu ya ngozi. Mgonjwa husimama ndani ya kabati la taa, macho yamekingwa, kwa sekunde chache mwanzoni, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi. Mbalanga ya usoni huitikia vizuri. Ya vidoleni ni sugu, na ni haki yako kuambiwa hivyo mapema.

Kujianika juani saa sita si tiba hiyo. Hakuna anayepima dozi, na baka jeupe huungua upesi. Kwa mwenye ualbino, taa hizi hazimfai kabisa: yeye ahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa mjini Moshi, Tanzania, kwa ajili yake.

Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa kuungua kwa taa hauonekani kirahisi. Ndiyo maana muuguzi hukuuliza kila ujapo kama jana usiku ngozi iliwasha au iliuma. Wapo wanaoficha ili dozi isipunguzwe, nao ndio tunaowafunga bandeji.